Bwana Mahaba Akana Ndoa

Usiku wa kuamkia leo nimeota naozeshwa kwa pepo, na pepo mwenyewe hanitaki.

Ngoja nieleze kwanza ilivyokuwa, msije mkaniona mwehu. Mimi ni Atuganile, fundi cherehani hapa Tukuyu. Nina mchumba, Ambokile, mwalimu wa hesabu. Kanisani kwetu tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu, na watu wawili wakitangazwa mara ya tatu bila pingamizi, basi, wapike pilau. Matangazo yetu mawili yameshapita. La tatu ni leo.

Ila kabla ya hapo kuna mafundisho ya ndoa. Na mafundisho ya ndoa kwetu yana swali moja ambalo Mama Mchungaji huliuliza akiwa ameshusha pazia: "Binti yangu, huwa unaota umelala na mwanaume?"

Jamani, nina miaka thelathini na moja. Nikasema naota.

"Ni nani?"

Hapo sasa. Ningesema ni Ambokile, ningepewa somo zima la tamaa za mwili, na Ambokile naye angeitwa akae pale kwenye kochi la maua aulizwe amenifanya nini. Haya ikanishika mpaka masikio yakawaka. Nikasema, "Sura siioni vizuri, mama."

Kumbe nimejichongea! Kwa watu wa kanisani kwetu, mwanaume wa ndotoni asiye na sura ni mmoja tu: pepo mahaba. Huyo ndiye mume wa kiroho, anayekuoa bila mahari wala shangwe, kisha hataki mwanaume mwingine akusogelee. Mama Mchungaji akamwambia mumewe, Mchungaji Mwalwisi. Mchungaji akamwambia shangazi yangu Tusajigwe, mkuu wa waombezi. Shangazi hakumwambia mtu, isipokuwa waombezi wote.

Uamuzi ukatoka. Jumapili niitwe mbele, pepo aulizwe jina kwenye kipaza sauti, atoke. Asipotoka, tangazo la tatu halisomwi, na ndoa hakuna. Nikaenda kulala na jambo hilo limenikaa kifuani.

Naota niko kanisani, mchana kweupe, watu wamejaa mpaka madirishani. Nimevaa gauni la harusi ambalo kweli bado nalishona, kwa hiyo lina mkono mmoja. Hakuna anayelishangaa.

"Mleteni!" anasema Mchungaji Mwalwisi.

Nanyanyuka.

"Siyo wewe, dada, keti," ananiambia mhudumu wa mlangoni. "Wewe ni mke tu."

Wanaume wanne wanaingia wamembeba mtu aliyefungwa kamba za katani kuanzia mabegani hadi visiginoni. Wanamsimamisha mbele kama gunia la viazi. Ni mwanaume wa makamo, ana kitambi kidogo, amevaa shati la mikono mifupi, na anapiga chafya.

Miaka yote nimekuwa nasikia watu wakiomba, "Namfunga! Namfunga!" Sikuwahi kujiuliza hizo kamba zinakwenda wapi. Sasa naziona. Kila mtu akitamka neno, kamba inashuka kutoka kwenye bati na kumzunguka yule bwana. Zilizo mpya, zenye fundo kubwa kubwa, ni za Shangazi. Namjua kwa mafundo yake.

"Jina lako nani?" anafoka Mchungaji.

"Mahaba," anasema yule mtu. "Wenye heshima zao huniita Bwana Mahaba, lakini silazimishi."

"Umetoka wapi?"

"Kyela."

Kanisa zima linaguna. Mchungaji anasogeza kipaza sauti. "Siyo kuzimu?"

"Kuzimu ni makao makuu. Mimi nimepanga chumba Kyela, kwa sababu ya kifua. Huku kwenu baridi."

"Umemwoa huyu binti tangu lini?"

Bwana Mahaba anageuza shingo, maana ndiyo pekee iliyobaki huru. Ananitazama polepole, kuanzia kwenye mkono wa gauni uliopo hadi kwenye ule usiokuwepo.

"Huyu simjui," anasema.

"Pepo ni mwongo!" anapiga kelele Shangazi kutoka safu ya mbele, na waombezi wanaitikia.

"Ni kweli, mama," anajibu Bwana Mahaba kwa unyenyekevu. "Sisi ni waongo, na jambo hilo linanipa shida sana leo. Nikisema simjui, mtasema nadanganya. Nikisema namjua, mtaniamini. Sasa nisemeje?"

Mchungaji anafuta jasho. "Toka!"

"Nimefungwa."

"Nimesema toka!"

"Mchungaji, mimi niko tayari kutoka tangu asubuhi. Nina safari. Lakini mmenifunga, halafu mnaniambia nitoke. Nifungueni nitoke, au mniache nikae. Hayo mawili kwa pamoja mwili wangu hauwezi."

Wazee wa kanisa wanaitana pembeni. Nasikia mmoja akisema utaratibu wetu ni kufunga kwanza, kisha kutoa, na kwamba tangu kanisa lianze halijawahi kupitisha azimio la kufungua. Wenzake wanakubali kwa vichwa. Hoja imekaa sawa.

"Moto!" anapaza sauti mwombezi mmoja, kuokoa hali.

"Moto! Moto! Moto!" linaitikia kanisa.

Jiko la mkaa linatokea miguuni pa Bwana Mahaba, limeshakolea vizuri. Anafumba macho kwa raha. "Asanteni sana," anasema. "Mungu awa... samahani. Asanteni." Mama Mchungaji, ambaye hapendi mkaa upotee bure, anakuja kuweka birika.

"Hatoki kwa sababu hajaambiwa aende wapi," anasema mzee mwenye miwani. "Maandiko yako wazi. Hupelekwa kwenye nguruwe."

Hajamaliza sentensi, tayari tuko nyuma ya nyumba ya Shangazi, kwenye banda lake la nguruwe. Kanisa zima lipo, na benchi zake. Nguruwe jike mkubwa amesimama mlangoni kwa miguu yote minne, kama mtu anayezuia wageni.

"Hapana," anasema.

"Hatujasema kitu," anasema Mchungaji.

"Tumewasikia mkija. Wenzetu zamani waliwahi kukubali, kundi zima, wakaporomoka hadi ziwani wakafa, na mnajua, maana mnalihubiri kila mwaka."

"Mimi wala sitaki kuwasumbua," anasema Bwana Mahaba.

"Wewe huna shida, baba," nguruwe anamwambia. "Shida yetu ni mteremko. Ukikuingia wazimu Tukuyu hii, wapi utasimama?"

Kisha ananigeukia mimi. Ana macho madogo, yasiyopepesa. "Na wewe mbona umemsingizia mtu?"

Natafuta pa kutazama. Natazama viatu vyangu, kumbe sina viatu.

"Usimwonee," anasema Bwana Mahaba. "Hajaanza yeye. Msichana akiona haya, hutajwa jina langu. Mume wa mtu akikutwa kwa jirani, ni mimi niliyempeleka. Mtu amekataa tu kuolewa na yule aliyechaguliwa na wajomba, eti nimemkalia. Naitwa kwenye mikesha huku na huku, silali. Mimi mwenyewe sijaoa. Nafasi nitaipata wapi?"

Anapiga chafya tena. Nasema ukweli, namwonea huruma. Mtu mzima, kifua chake kibovu, amefungwa kama kuku wa mnadani kwa sababu mimi nilishindwa kutaja jina la mchumba wangu mbele ya mwanamke mmoja na pazia.

"Tusipoteze muda," anasema Mchungaji Mwalwisi. Sauti yake sasa ni ile ya kusomea matangazo. "Pepo akishindikana kutolewa, huhesabiwa kuwa ni mwenye nyumba. Kwa hiyo nasoma tangazo la ndoa kwa mara ya tatu na ya mwisho. Bwana Mahaba wa Kyela, na Atuganile wa hapa hapa."

"Jamani!" nasema.

"Jamani," anasema Bwana Mahaba pia, kwa wakati ule ule.

"Mwenye pingamizi aseme sasa."

Natafuta Ambokile kwenye benchi. Hayupo. Shangazi tayari anapiga vigelegele, huku analia, maana hakutaka mkwe wa aina hii ila harusi ni harusi. Naona kabisa ndivyo nitakavyoishi: kila Jumapili naombewa, kila Jumapili hatoki, nazeeka pamoja na pepo wa watu anayekohoa, na Ambokile ananipita barabarani akiwa na mke mwingine na watoto wanaojua hesabu. Nalia kwa kwikwi.

"Pingamizi ninalo mimi," anasema Bwana Mahaba. "Mnasema mwili ni hekalu. Sawa. Twendeni mkalikague hilo hekalu. Mkikuta hata soksi yangu moja, namwoa leo."

Tunapanda mlima. Juu yake kuna kanisa dogo la matofali, lina bati jipya, na bila kuuliza najua kwamba ni mimi. Wazee wanalizunguka wakigonga gonga kuta. Nahisi kila wanapogonga.

"Msingi mzuri," anasema mwenye miwani. "Na lina varanda pana sana upande wa nyuma."

Mkewe anamkanyaga mguu, na hoja ya varanda inaishia hapo.

Ndani kuna madaftari ya nota za kwaya, cherehani, vitambaa, sufuria la marehemu bibi yangu. Kila kitu kimefagiliwa. Mchungaji anachungulia nyuma ya kila pazia, na nyuma ya kila pazia kuna pazia. Mwisho tunafika kwenye mlango mmoja wa mbao, mfupi, wenye kufuli lililoshika kutu.

"Humo!" ananong'ona Mama Mchungaji. "Ndimo alimo."

"Siwezi kuwa humo," anasema Bwana Mahaba, ambaye wanaume wanne bado wamembeba. "Niko hapa."

Mlango unakohoa. "Samahani," unasema. "Mimi nimefungwa kwa nje. Aliye ndani hana kosa."

"Nani alikufunga?" anauliza Mchungaji.

Shangazi anainamisha kichwa. Sijawahi kumwona Shangazi akiinamisha kichwa isipokuwa kwa Mungu. "Mimi," anasema. "Alipovunja ungo. Nilimwambia kuna mnyama humo, asifungue mpaka aolewe. Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo. Chumba changu mpaka leo sijui kilikuwa na nini."

Hakuna anayecheka. Sote tunasimama mbele ya ule mlango mfupi, na nasikia uchungu ambao sina pa kuuweka. Shangazi wa watu, mjane, mkuu wa waombezi, hajui chumba chake mwenyewe kina nini. Anatoa ufunguo kifuani, anafungua, anarudi nyuma haraka.

Waombezi wanashikana mikono wakisubiri mnyama.

Chumba kina jua. Kuna dirisha linalotazama migomba, kuna kitanda kilichotandikwa shuka yenye maua, na kwenye kiti kuna mwanaume amevua viatu, amevaa koti lake, anamenya chungwa. Niko mimi pia humo, nimeketi ukingoni mwa kitanda, nacheka mpaka machozi yananitoka. Hakuna kitu kingine kinachoendelea, ingawa inaonekana wazi kwamba kitaendelea.

"Karibuni," anasema yule mwanaume, na anajisogeza kupisha wazee wa kanisa wakae.

Hawakai. Wanatazama dari, sakafu, migomba. Mzee mwenye miwani anavua miwani.

Mchungaji Mwalwisi ananisogezea kipaza sauti. "Sura unaiona?"

Nikisema siioni, chumba kitafungwa, na tangazo litasomwa kama lilivyo. Nikisema naiona, kanisa zima, kwaya zote mbili, na nguruwe aliyetufuata watajua. Napiga moyo konde.

"Naiona."

"Ni nani?"

"Ni Ambokile. Siku zote ni yeye. Wakati wa kushona ni yeye, wakati wa mkesha ni yeye, na wewe Mchungaji ukiomba ile sala yako ndefu ndiyo kabisa. Hakuna mwingine, hajawahi kuwepo mwingine. Nampenda na namtamani, na nilipoulizwa niliona haya nikamsukumia mtu wa Kyela. Nisameheni. Na wewe bwana unisamehe."

Spika za kanisa zinavuma. Mahali fulani nyuma mwanamke mmoja anasema taratibu, "Hata mimi," na mwingine anasema, "Hata mimi," halafu wanajifanya wanakohoa.

"Basi nifungueni," anasema Bwana Mahaba.

Hakuna anayesogea. Azimio la kufungua bado halijapita, na kikao kijacho ni mwakani. Basi napiga magoti mwenyewe kwenye gauni langu la mkono mmoja. Mafundo ya Shangazi hayafunguki kwa vidole. Mimi ni fundi. Kinachoshinda vidole nakipa meno. Nauma katani, navuta, nauma, natema. Ambokile anatoka chumbani bila viatu, anapiga magoti upande wa pili, anashika kamba za miguuni. Tunafungua kama watu wanaofungua mzigo wa mgeni wao.

Kamba ya mwisho inadondoka. Bwana Mahaba anasimama. Bila kamba ni mdogo, mwembamba, hata kitambi kilikuwa cha kamba. Ukungu unaingia kutoka mlimani, na anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Ambokile anavua koti lake, anamvisha, anamfunga na vifungo.

"Nitalirudisha," anasema Bwana Mahaba.

"Usijali, kaka. Nenda nalo."

Anaanza kuteremka kwa uangalifu, mkono mmoja kwenye goti. Mbele kidogo anageuka. "Harusi msinialike," anasema. "Kitu kikiharibika, mnajua atakayesemwa."

Nikaamka.

Kumekucha, mvua ya manyunyu inapiga bati, na Shangazi yuko mlangoni anagonga kwa ufunguo. "Atu! Amka tuwahi! Leo ndiyo leo!"

Taya zilikuwa zinaniuma kama niliyetafuna miwa usiku kucha. Nikapitisha ulimi kwenye meno. Kuna kitu. Nikakivuta kwa kucha, taratibu, kikatoka: uzi mweupe, mgumu, mrefu kama kidole. Nimeshona miaka mingi, uzi wa pamba naujua, wa nailoni naujua. Huu ulikuwa wa katani, na nyumbani kwangu hamna katani.

Nikaufunga kwenye ncha ya kanga.

Shangazi akaingia na gauni jeupe la kuombewa na chupa ya mafuta. Alikuwa amefunga kula siku tatu kwa ajili yangu, macho yamemwingia ndani. Nikataka kumkumbatia, nikashindwa pa kuanzia. Akauliza kama niko tayari. Nikasema, "Shangazi, bado kuna mtu namsubiri."

Ambokile akabisha hodi. Alikuja kutuchukua kama tulivyokubaliana, shati jeupe, tai, amelowa mabega.

"Mwanangu, na baridi hii huna koti?" akauliza Shangazi.

"Nimelitafuta nyumba nzima, Shangazi. Silioni."

Akanitazama. Nikamtazama. Masikio yakaanza kuwaka kama siku ile ya kochi la maua. Nikasema kabla ujasiri haujaniishia.

"Ambokile, nilimdanganya Mama Mchungaji. Sura huwa naiona. Ni yako."

Chupa ya mafuta ikamponyoka Shangazi, bahati nzuri ikaangukia kitandani. Akaketi, akajipepea kwa lile gauni jeupe, akasema, "Mungu wangu, Mungu wangu," lakini siyo kwa hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu na hajui aanzie wapi.

Ambokile hakushtuka. Alijikuna shingoni, na nikaona vidole vyake vimechubuka, vyote kumi, kama vya mtu aliyevuta kamba.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?" akauliza Shangazi.

Ambokile akachukua mwavuli wangu nyuma ya mlango, akaufungua, akanishika mkono mbele ya shangazi yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Twende," akasema. "Wakikuita mbele tunakwenda wote wawili. Wakiuliza jina, taja la kwangu, kwa sauti, kwenye kipaza sauti. Nitasimama hapo hapo pembeni yako." Akapiga chafya. "Ila wanisamehe nitasimama bila koti. Yule bwana bado hajarudi."